Bega la mtoto si la kombe

Watani wa jadi wanapokutana, kelele za mashabiki husikika hadi migombani. Tunaupenda upinzani huo. Tatizo ni bega la mtoto. Mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari hubana michezo mingi katika siku chache, na mwalimu mwenye mrushaji mmoja hodari humtumia huyo huyo kwenye mkuki, tufe na mpira wa mikono. Bega likiuma, linachuliwa, mtoto anarudi uwanjani.

Bega la mwenye miaka 15 bado linakua. Karibu na ncha ya mfupa kuna tabaka la gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe. Kurusha mfululizo bila mapumziko hulijeruhi.

Wajapani, waliosaidia kuikuza besiboli katika shule zetu, walilikubali hilo kwa uchungu. Kwao mashindano ya sekondari hufuatwa na taifa zima, lakini tangu 2020 mrushaji haruhusiwi kurusha zaidi ya mipira 500 kwa wiki. Nyota hutolewa hata mechi ikiwa motoni. Marekani nako shule zina ukomo wake tangu 2017.

Mkoa wetu wa Kilimanjaro uanze sasa. Maofisa michezo wa wilaya wapange idadi ya mirusho kwa siku, mazoezi yakihesabiwa, na daftari limfuate mchezaji kila hatua ya mashindano. Chuo cha tiba cha KCMC kinafundisha fiziotherapia hapa hapa Moshi: wanafunzi wake wawekwe pembeni ya uwanja, wakisimamiwa, wakiwa na mamlaka ya kumpumzisha mtoto hata kocha akikataa.