Vita vya ubao bila wapagazi ni uongo

Wanaonifahamu hapa Thika wanajua kwamba mchana naandika programu na usiku natengeneza mchezo wa ubao. Ni mchezo wa mkakati, kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia hapa kwetu Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Leo nina neno moja tu kuhusu data za kijeshi: ile iliyo rahisi kupatikana ndiyo inayodanganya.

Chukueni vita vya Tanga, Novemba 1914. Saa moja kwenye intaneti inatosha. Waingereza walileta askari kama 8,000 kutoka India; Paul von Lettow-Vorbeck akawapokea na kama 1,000 na kuwashinda. Mnataka silaha? Manowari Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Meli ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga ilitolewa ikaburutwa nchi kavu. Namba hizi zinaingia kwenye lahajedwali bila shida: nguvu ya kushambulia, ya kujikinga, mwendo. Kazi kwisha!

Haya, sasa jiulizeni: chakula cha hao askari kilibebwa na nani? Mbung'o waliua farasi na nyumbu, reli zilikuwa chache, basi mzigo ukapanda kichwani mwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wanakadiriwa kukaribia milioni moja, wengi wakichukuliwa kwa nguvu. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, hasa kwa maradhi na lishe duni. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo vya dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Idadi huenda ikafika 350,000. Mizinga tunaijua mmoja mmoja, watu hatuwajui.

Kila mwanaprogramu anajua kwamba kisanduku kitupu si sifuri. Ukikijaza sifuri, programu itakubali na jibu litakuwa bovu. Data ikikosekana, tengeneza modeli. Yangu ni hii: mpagazi abebe kilo 25 za unga, ale kilo 1 kwa siku, kwenda na kurudi. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5, atakula 10 na kufikisha 15. Kulisha askari 1,000, kila mmoja kilo 1 kwa siku, unahitaji wapagazi kama 670 njiani. Sogeza kambi hadi siku 10: sasa anakula 20, anafikisha 5, na unahitaji wapagazi 4,000! Umbali umeongezeka mara 2, watu mara 6. Siku ya 13 hafikishi chochote. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wapagazi walikuwa wengi kuliko askari.

Marafiki zangu wa Ruiru, tunaojaribu nao mchezo Jumamosi, wanalalamika: "Buda, hii ni vita ama ni biashara ya unga?" Ninawajibu kwamba vita vyenyewe vilikuwa hivyo. Mmoja wao ana hoja nzito zaidi: kumgeuza mpagazi kuwa kete ni kumdharau mara ya pili. Ninamsikia. Lakini kumwondoa ubaoni ndiyo dharau kubwa zaidi, maana tunarudia kazi ya makarani wa kikoloni ambao hawakuandika jina lake.

Kwa hiyo nimeweka kanuni 2 na sizitoi. Kwanza, kete ya mpagazi aliyekufa hairudi ubaoni. Pili, mwisho wa mchezo kila kete hiyo inapunguza pointi za aliyemtuma. Unaweza kushinda kila pigano na bado ukashindwa vita. Mchezo unakwenda polepole, ndiyo. Anayetaka mizinga tu, michezo ya aina hiyo imejaa madukani.

Ninyi mngecheza upi, wadau? Mimi narudi kwenye lahajedwali langu. Alamsiki.