Ripoti ya Ultrasaundi Imfae Mwenye Mimba

Wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Katika vyumba vingi vya kupigia picha za mimba, methali hii imegeuka desturi. Mama mjamzito hukabidhiwa karatasi iliyosheheni herufi na tarakimu, akaagizwa ampelekee daktari. Ripoti ni ya mwili wake, ila lugha yake si yake.

Ni jambo lisilopingika kwamba istilahi za Kiswahili zipo. Kifuko cha mimba, kiinitete, kijusi na kipenyo ni maneno yaliyokwisha kuzoeleka. Hata kipimo kinachoandikwa CRL hakina sababu ya kutisha: ni urefu kutoka utosini hadi makalioni. Hugh Robinson alikieleza mjini Glasgow mwaka wa 1973, na hadi leo ndicho kinachoaminika zaidi katika kukadiria umri wa mimba kabla ya wiki 14. Katika kipindi hicho watoto tumboni hukua kwa kasi inayokaribiana, hivyo makadirio hukosea kwa takriban siku 5 hadi 7 tu.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kutafsiri istilahi kunatosha amepotoka. Itazamwe sentensi hii: "Umri wa mimba ni wiki 6." Ni Kiswahili sanifu kisicho na doa, lakini chaweza kuvunja nyumba. Umri huo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani takriban wiki 2 kabla ya mimba kutungwa. Mume aliyerejea kutoka safarini wiki 4 zilizopita atamshuku mkewe bure, kumbe hesabu yenyewe yamtetea.

Vivyo hivyo, mama akisoma kwamba wastani wa kipenyo cha kifuko ni milimita 12 na kiinitete hakionekani, huenda akaanza kuomboleza. Ilhali kipimo hicho pekee hakithibitishi kuwa mimba imeharibika. Mwongozo wa wataalamu uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013 uliweka mipaka ya hadhari kwa picha inayopigwa kupitia ukeni: kifuko kifikie milimita 25 bila kiinitete, au kiinitete kifikie milimita 7 bila mpigo wa moyo. Chini ya hapo, aghalabu mama hurudi kupigwa picha nyingine baada ya siku kadhaa. Mwanafunzi wa sarufi ajua tofauti ya "hakionekani" na "hakijaonekana". Kiambishi -ja- ndicho kinachomwambia mama kwamba hukumu bado.

Wapo watakaodai kuwa kufafanua ni kazi ya daktari. Kweli, lakini foleni ni ndefu, na karatasi ndiyo inayorudi nyumbani. Isitoshe, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo hauna maana ukikomea mlangoni mwa zahanati.

Basi vyama vya Kiswahili vyuoni na vishirikiane na wanafunzi wa udaktari na radiografia kuandaa ukurasa mmoja wa maelezo kamili, si orodha ya istilahi tupu, uambatishwe kwenye kila ripoti. Daktari atabaki na hukumu yake. Mama naye atajua kinachosemwa juu ya tumbo lake.