USIMTUPE MWENZIO ALIYESHIKWA

Ndugu Wafanyakazi,

Mwenzetu akishikwa na polisi kazini, neno la kwanza kusikika ni hili: "Serikali haimshiki mtu bure." Aliyekula naye jana, leo hataki kuulizwa habari zake. Mali imepotea stoo, tajiri amemwonyesha kidole, basi tumekwisha mhukumu kabla hakimu hajamwona. Twasema wazi: desturi hii ni mbaya, tena yatudhuru sisi wenyewe.

Vyama vya wafanyakazi vyapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Ndugu Fred Kubai, aliyekuwa rais wa East African Trade Union Congress iliyoundwa mwaka 1949, alikuwa mmoja wa watu sita waliohukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Rawson Macharia, shahidi mkubwa juu ya Mzee Kenyatta katika kesi hiyo, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Kwa kiapo hicho akafungwa yeye. Naye Achieng Oneko alishinda rufani mwaka 1954, lakini hakurudi nyumbani. Aliwekwa kizuizini hadi 1961. Je, hao hawakushikwa bure?

Leo tunayo Katiba ya 2010. Yasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Lakini haki hizi zina muda wake, na ngojangoja huumiza matumbo. Shikeni hesabu hizi.

Saa 24. Aliyeshikwa lazima aambiwe sababu kwa lugha aifahamuyo, aruhusiwe kusema na wakili, na afikishwe kortini katika saa 24. Muda huo ukiisha wakati korti imefungwa, hungoja siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo anayeshikwa Ijumaa jioni aweza kulala ndani hadi Jumatatu. Ana haki ya kunyamaza. Asilazimishwe kukiri, wala asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Siku 14. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa tajiri nafasi ya kumfukuza mara moja mfanyakazi aliyeshikwa kwa kosa la kifungo, ikiwa hakutoka kwa dhamana au kwa njia nyingine ya halali katika siku 14. Ndugu, fikirini maana yake. Mtu asiye na hatia, aliyekosa fedha za dhamana tu, aweza kushinda kesi na kazi asiikute.

Miezi 12. Aliyeshtakiwa kwa uovu, kisha akaachiliwa, aweza kudai fidia. Lakini kuachiliwa peke yake hakutoshi. Yampasa aonyeshe kwamba mashtaka hayakuwa na sababu ya haki, na kwamba yaliletwa kwa nia mbaya. Akiishtaki Serikali, ana miezi 12 tu. Na tajiri aliyepeleka polisi habari anazozijua kuwa za uongo, huyo mwenyewe amevunja sheria.

Miaka 3. Aliyefukuzwa kazi bila haki aweza kudai hata mshahara wa miezi 12, lakini madai yafunguliwe kabla ya miaka 3 kupita. Asingoje kesi ya polisi iishe kwanza.

Hata aliyekwisha fungwa na rufani yake ikakataliwa na korti ya juu kabisa, Katiba yamruhusu kuomba Mahakama Kuu imsikilize upya, kukipatikana ushahidi mpya wenye nguvu.

Hatusemi kila aliyeshikwa ni mtu safi. Mwizi ni mwizi, hata akiwa na kadi ya chama. Lakini hilo ni la hakimu kukata baada ya kusikia pande zote mbili, si la tajiri, wala si letu sisi tulio nje.

Kwa hiyo kila tawi lichague mtu wa kufika kituoni siku ile ile, aandike saa mwenzetu aliyoshikwa na majina ya walioona. Kila tawi liweke akiba ya dhamana. Na jamaa zake wasiachwe peke yao. Leo ni yeye, kesho ni wewe.

UMOJA NI NGUVU.