GHARAMA ZA LESENI NA MATINGO WA EKALAKALA



Wenye malori hupenda kusema kwamba vijana wa Ekalakala huanguka mtihani wa udereva kwa sababu ya uvivu. Neno hilo twalikataa. Wengi wao wameshindwa na fedha kabla hawajashika usukani.

Tazameni hesabu. Leseni mpya ya kadi ilipoanza mwaka 2017, bei yake iliwekwa shilingi 3,050. Kabla ya hapo kulikuwa na ruhusa ya mwanafunzi, shilingi 650, na ada ya mtihani, shilingi 1,050. Jumla ni 4,750, na mwalimu hajalipwa bado. Shule yataka elfu kumi na zaidi. Ongezeni nauli ya kwenda mjini kila siku ya somo, na kibarua cha siku hiyo kimekwisha potea. Akianguka, ada ya mtihani hulipwa tena.

Basi kijana hupunguza masomo. Huukariri ule ubao wa mji wa mfano, kigari cha kuchezea mkononi, mpaka aweza kuupita amefumba macho. Lakini kuondoa lori lenye mzigo mlimani hajafundishwa. Ubao siudharau, maana waonyesha nani apite kwanza. Bali ubao hauna vumbi, wala mbuzi, wala breki zilizochoka.

Shule nyingine hujisifu kwamba wanafunzi wake hufaulu wote. Tusifurahi upesi. Kule Uingereza serikali hutangaza hesabu ya kila kituo cha mtihani, na karibu nusu ya watahiniwa wa magari madogo huanguka barabarani. Hapo mtu ajua anachonunua. Yafaa NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ibandike mlangoni mwa kila shule hesabu ya waliojaribiwa na waliofaulu.

Na matajiri je? Utingo hupakia mchanga miaka mitano, huosha lori, hubadilisha magurudumu, na dereva akichoka huambiwa, "Shika kidogo." Leseni hana. Likitokea la kutokea, tajiri hamjui, bali mahakama yamjua.

Tajiri ndiye apataye faida ya dereva mwenye ujuzi. Na alipe yeye mafunzo. Asipokubali kulipa yote, akopeshe bila riba, na siku ya mtihani isikatwe mshahara. Katibu wa tawi ayapeleke haya katika mkutano ujao, yaandikwe, na kila mwajiri atakiwe jibu kwa barua.