Chemsha Bongo Isipime Ulimi

Mashindano ya chemsha bongo baina ya wanafunzi yanapoonyeshwa katika televisheni, wakazi wa Mafiga, hapa Morogoro, huyafuatilia kwa hamu kama wafuatiliavyo mpira. Si ajabu, kwa kuwa mji huu ni mji wa shule na vyuo. Chini ya milima ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoundwa mwaka 1984 kutokana na kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzumbe kuna chuo kikuu na shule ya wavulana wenye vipaji maalumu, na Kilakala ipo shule ya wasichana ya aina hiyo hiyo. Mzazi aliyemsomesha mwanawe kwa jembe la mkono ana haki ya kufurahi amwonapo kijana wa nchi yake akijibu swali gumu mbele ya maelfu ya watazamaji.

Nasi twafurahi pamoja naye. Hata hivyo, makofi yanapotulia, liko swali ambalo wananchi na viongozi hatuna budi kujiuliza: Je, mashindano hayo yanapima nini hasa?

Mchezo huu haukuanzia kwetu. Marekani waliuanzisha redioni mwaka 1953 kwa jina la College Bowl, na mwaka 1962 Waingereza wakauonyesha katika televisheni kwa jina la University Challenge. Hapa Afrika Mashariki ulipata umaarufu mwaka 2007, wakati kampuni ya simu ya Celtel ilipoanzisha Africa Challenge, mashindano ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Nigeria. Muulizaji alikuwa John Sibi-Okumu wa Kenya. Kampuni hiyo ilipobadili jina, mashindano nayo yakachukua jina jipya la Zain. Biashara yake ya Afrika ilipouzwa kwa Bharti Airtel mwaka 2010, mashindano hayakudumu. Fundisho lake ni wazi: shughuli ya elimu inayotegemea fungu la matangazo ya mfanyabiashara huishi kwa kadiri mfanyabiashara huyo anavyoona faida.

Katika mashindano hayo swali liliulizwa kwa Kiingereza, na jibu likatakiwa kwa Kiingereza, tena kwa muda wa sekunde chache. Kwa mashindano ya nchi nyingi zenye lugha mbalimbali, hatuna ugomvi na utaratibu huo. Ugomvi wetu unaanza pale tunapouchukua mzima mzima na kuufanya kipimo cha watoto wetu wenyewe hapa nyumbani.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali Tanzania Bara. Mtoto anapoingia kidato cha kwanza, hubadilishiwa lugha yote kwa mkupuo. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na hadi leo masomo ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake yanaonekana dhahiri mbele ya kamera. Kijana anajua kwa nini chuma hupata kutu, na angeulizwa kwa Kiswahili angeeleza bila kusita. Lakini kabla hajamaliza kulitafsiri swali kichwani, mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea katika shule ya kulipia amekwisha bonyeza kengele. Mtazamaji huamini kwamba huyu ana akili na yule hana. Kumbe kilichopimwa ni wepesi wa ulimi, na nyuma ya ulimi huo, uwezo wa mfuko wa mzazi. Wala hatuwezi tena kujitetea kwamba lugha yetu haina maneno ya sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha toa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalo fungu lao katika suala hili. Kiswahili Sanifu kilijengwa kuanzia mwaka 1930 juu ya msingi wa Kiunguja. Televisheni nayo Zanzibar iliipata mwaka 1973, miaka 21 kabla ya Bara. Lakini sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Aidha, mtoto wa Micheweni na mtoto wa Mafiga hukutana katika mtihani mmoja wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa hiyo kikwazo kimoja kinawagusa wote wawili, ingawa kati yao ipo bahari.

Wapo watakaosema kwamba dunia inazungumza Kiingereza, na kwamba kijana asiyekijua ataachwa nyuma. Hatukatai. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri zaidi kuliko sasa, na walimu waliokiva. Lakini kukifundisha Kiingereza ni jambo moja, na kukifanya mlango pekee wa kuonyesha akili ni jambo jingine kabisa.

Wenzetu wa Ghana wana mashindano ya kitaifa ya Sayansi na Hisabati kwa shule za sekondari, yaliyoanza mwaka 1993. Yamedumu, na yamewafanya vijana waione sayansi kuwa jambo la fahari. Muulizaji wake tangu mwaka 2006 ni mwanamke mwanasayansi, Profesa Elsie Effah Kaufmann, na tunaamini kwamba kumwona mahali hapo ni somo tosha kwa msichana yeyote. Lakini hata huko, majina ya shule chache kongwe, kama PRESEC ya Legon na Prempeh ya Kumasi, yamejirudia mno katika orodha ya mabingwa. Tukiiga bila kufikiri, nasi tutakuwa tunazitangaza shule zilizokwisha kujulikana.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Mashindano haya nayo yanahitaji mafiga matatu. La kwanza ni lugha: kila swali lisomwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mwanafunzi ajibu kwa ile aitakayo bila kupunguziwa alama. La pili ni nafasi: mchujo uanzie katika kata na shehia, ili shule isiyo na maabara wala umeme nayo ijaribiwe, na matangazo yapitie redioni pia. La tatu ni maswali yenyewe. Aulizwe kijana kwa nini maji ya mto Ruvu, yanayonywesha Dar es Salaam, huharibika misitu ya Uluguru inapofyekwa. Aulizwe namna panya buku wanaofunzwa hapa Morogoro na shirika la APOPO wanavyotambua kifua kikuu kwa kunusa. Aulizwe kwa nini mwani wa aina ya kotonii, unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba, hufa maji ya bahari yanapozidi joto. Na apewe dakika moja ya kueleza sababu, badala ya kutaja jina tu na kubonyeza kengele.

Elimu ya msingi na ya sekondari si jambo la Muungano, ila Baraza la Mitihani na elimu ya juu ni mambo ya Muungano. Kwa hiyo wizara mbili za elimu, ya Bara na ya Zanzibar, zinapaswa kukaa pamoja, na mashirika ya utangazaji ya umma, TBC na ZBC, yashirikishwe tangu mwanzo. Gharama za kazi hii si za kuitisha Serikali. Tunawaomba wahusika wasingoje kampuni nyingine ya simu ije na zawadi zake. Watoto wetu wanazo akili za kutosha. Linalotakiwa ni kuwauliza kwa lugha wanayoielewa, na kuwafikia huko huko waliko.