Visima vya Bagamoyo visigeuzwe shamba la bibi

KWA mkulima wa bustani wa Mapinga, Kerege au Zinga, kisima ni mtaji kama ulivyo ng'ombe kwa mfugaji au chombo kwa mvuvi. Mchicha, nyanya, bilinganya na pilipili hoho anazopeleka sokoni humea kwa maji yanayovutwa chini ya ardhi katika miezi ambayo masika yamepita na vuli haijaanza. Mfugaji wa kuku, mwenye nyumba ya wageni, mfyatua matofali na muuza maji ya madumu nao wanachota katika hazina hiyo hiyo.

Hata hivyo, hazina hiyo inatumiwa kana kwamba ni shamba la bibi. Mwenye uwezo wa kuchimba anachimba, mwenye pampu anavuta, na kila mmoja anaangalia tangi lake tu. Hali hii ikiachwa iendelee, hasara haitakuja kwa njia ambayo wengi wanaitarajia. Kisima cha pwani mara nyingi hakianzi kwa kukauka. Huanza kwa kuingia chumvi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Maji ya mvua yanayopenya kwenye mchanga na mawe ya matumbawe ni mepesi kuliko maji ya bahari, hivyo hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wana kipimo cha makadirio kilichojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ni neema, lakini inakata kote kote. Usawa wa maji ukishushwa kwa mita moja na kubaki hapo, mpaka wa maji ya chumvi unaweza hatimaye kupanda kwa mita 40.

Wala haihitajiki chumvi nyingi ili kuharibu kisima. Lita mbili tu za maji ya bahari zikichanganyika na lita 98 za maji baridi, mchanganyiko huo tayari una ladha ya chumvi, na mazao yanayodhurika upesi kama maharage na vitunguu huanza kudumaa. Ncha za majani huungua, udongo huota ukoko mweupe, na mbolea inayoongezwa haisaidii kitu. Mkulima hudhani mbegu ni mbovu, kumbe tatizo liko kwenye maji.

Jirani wa karibu amekwisha kutoa somo. Baada ya ukame wa mwaka 1997, Dar es Salaam ilichimba visima vingi vya dharura, na watu binafsi wakaendelea kuchimba kwa sababu mabomba hayakuwa ya kutegemewa. Tafiti zilizofuata zilikuta chumvi imeongezeka katika visima vya maeneo ya jiji yaliyo karibu na bahari. Mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na DAWASA kutangaza mgao, jiji liligeukia tena chini ya ardhi, na Novemba mwaka huo mradi wa visima vya Kigamboni ulizinduliwa. Maana yake ni kwamba maji ya ardhini ndiyo akiba ya mwisho mito inaposhindwa. Akiba ya namna hiyo haifai kumalizwa kabla ya siku ya shida.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya bahari, kwa watu ambao Bagamoyo imefanya nao biashara kwa karne nyingi. Katika pwani ya Batinah nchini Oman, wakulima wa mitende walivuta maji kwa nguvu za wanyama kwa vizazi vingi. Zilipoingia pampu za injini, mashamba yalipanuka haraka, kisha bahari ikaingia kwenye visima na mashamba mengi yaliyo karibu na ufukwe yakaachwa. Serikali ililazimika kuandikisha visima na kudhibiti uchimbaji mpya, lakini maji yaliyokwisha kuharibika hayarudi kwa amri. Kuisafisha hazina iliyoingia chumvi kunaweza kuchukua miongo mingi ya mvua nzuri.

Bagamoyo yenyewe ina ushahidi kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti. Katika magofu ya Kaole, hatua chache kutoka baharini, kuna kisima cha kale ambacho wenyeji husema hakijawahi kukauka. Kisima cha kina kifupi kinachochotwa kwa ndoo huyachukua maji ya juu taratibu na kuiacha chumvi ilale chini. Ni kasi ya kuvuta inayoiamsha.

Ndiyo maana ujio wa pampu za sola unapaswa kupokelewa kwa furaha na kwa tahadhari. Kwa mwenye pampu ya dizeli, bei ya mafuta ilikuwa breki: alivuta alichohitaji, kisha akazima. Jua halina bei. Pampu inaweza kufanya kazi asubuhi hadi jioni huku tangi likifurika, na mwenye shamba asione hasara yoyote mfukoni mwake mpaka siku atakapoonja maji.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kwamba maji ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye shamba ana shimo na pampu. Maji ni ya wote. Sheria hiyo inataka vibali kwa matumizi makubwa na inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji. Msimamizi wa eneo hili ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyoanzishwa mwaka 2002, yenye makao yake Morogoro.

Tatizo ni kwamba kwa wananchi wengi neno kibali linasikika kama neno tozo. Mwaka 2021 malalamiko yalikuwa makubwa juu ya ada za visima vya majumbani, hadi Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, akaingilia kati. Malalamiko yale yalikuwa na haki, kwa kuwa mwananchi hakuona alichopewa kwa fedha yake. Lakini yaliacha fundisho baya pia: kwamba njia salama ni kukificha kisima. Kisima kilichofichwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiwezi kulindwa dhidi ya jirani atakayechimba kirefu zaidi hatua 20 kutoka hapo.

Kwa hiyo uandikishaji utenganishwe na ukusanyaji wa mapato. Kumwandikisha mkulima mdogo kuwe bure, na Bodi imrudishie kitu cha manufaa: vipimo vya kina na chumvi kwa kila msimu, vibandikwe kwenye ofisi za kata, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Ada zielekezwe kwa wavutaji wakubwa wa kibiashara. Wachimbaji wa visima nao wabanwe. Asiye na leseni asipewe kazi, na mwenye leseni asiondoke bila kumwachia mteja maandishi ya kina cha kisima, aina ya udongo alioukuta na kiasi cha maji kinachoweza kuvutwa kwa saa bila madhara.

Wakulima nao wasisubiri Serikali kwa kila jambo. Daftari, kamba yenye alama na jiwe vinatosha kupima kina cha maji kila mwezi. Kipimo kidogo cha chumvi cha mkononi kinaweza kununuliwa na kikundi cha watu kumi na kuzungushwa kwa zamu. Kisima kikianza kubadilika ladha, dawa si kuongeza urefu wa shimo, kwani huko chini ndiko chumvi iliko. Dawa ni kupunguza kasi, kuvuta kidogo kidogo kwa saa nyingi, na kukipumzisha.

Zaidi ya hapo, kila lita inayookolewa juu ya ardhi ni lita iliyobaki chini. Umwagiliaji wa matone na matandazo ya majani hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linaweza kutoa hadi lita 5,000, ambazo leo hukimbilia mtaroni. Mabonde na maeneo oevu yanayonywesha ardhi wakati wa masika yasifukiwe kwa viwanja, na uchimbaji wa mchanga mitoni udhibitiwe, kwa kuwa mchanga huo ndio ghala lenyewe la maji.

Ardhi ya Bagamoyo inapanda bei kila mwaka kwa sababu mnunuzi anaamini atapata maji. Siku visima vitakapoingia chumvi, shamba litauzwa kwa bei ya kiwanja kikavu, na muuza mboga atanunua maji ya boza kwa bei ambayo mchicha hauwezi kuilipa. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu hili wanalichovya watu wengi, na kila mmoja ana kijiti chake. Inafaa wakae pamoja na kukubaliana sasa, wakati bado kuna asali ya kugawana.