Hijazi imo humo humo

Mwandishi, hawa vijana wa magitaa wanaojirekodi kwa simu wakipiga "Autumn Leaves" umewaandika vizuri, ila kusema huo ni muziki mgeni kabisa masikioni mwa Mzanzibari, hapo sikubali. Kweli Joseph Kosma aliutunga Ufaransa miaka ya 1940. Lakini upige kwa G maina, halafu sikiliza pale unapotaka kurudi nyumbani: D, E-flati, F-shapu, G. Si Hijazi hiyo, ile maqam ya Kiarabu tunayoisikia kwenye taarabu? Aliyekua akisikia Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha tangu 1905, ataitambua hata kama jina halijui. Maqam ya Bayati ndiyo inayolishinda gitaa, maana robo sauti halina.

Kati ya rekodi zao, iliyonikuna ni ya kijana mmoja wa Kikwajuni. Anaburuza kidole kwenye waya kama mpiga udi, pikipiki inapita chini ya dirisha, wala hasimami. Wengine wanakimbia mno, pumzi hawapati. Na huo mwangwi wa simu, vijana jamani, punguzeni!

Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa 2002 pale Forodha ya zamani Mizingani, imefundisha udi na gitaa chini ya paa moja. Wapelekeeni wapiga udi wa hapo rekodi zenu, msikie watasemaje.